Sikufunga Hata Jumatano Moja

Greyville, Durban
Alhamisi asubuhi

Mdogo wangu Vumilia,

Nakusalimu, wewe na wote waliobaki chini ya paa la baba yetu pale Uvira. Desturi ingetaka nikuulize kama u mzima, kisha nikuambie kwamba mimi ni mzima, ndipo habari zifuate. Nimewafundisha watoto kuandika barua hivyo kwa miaka thelathini na mmoja, na leo siwezi. Wewe si mzima, nimeshaambiwa. Mimi pia si mzima, ingawa hakuna aliyekuambia.

Mama Zawadi, yule mfanyabiashara wa vitenge, alifika hapa Jumapili kutoka huko. Hata hajakaa vizuri akaanza: "Mwalimu, dada yako amebaki mifupa. Iko anafunga Jumatano na Ijumaa sawa na wewe, na sasa ameongeza Jumatatu. Juzi alianguka sokoni, mbele ya wauza dagaa. Tukamletea maji, akakataa. Eti leo ni siku ya Kaka."

Siku ya Kaka. Tangu Jumapili maneno hayo hayajanitoka kichwani, na kila yakirudi napandwa na hasira, wala sina mtu wa kumtupia.

Vumilia, mimi sijafunga. Sikufunga hata Jumatano moja. Siku zote hizo ulizoshinda na njaa kwa ajili yangu, mimi nilikuwa nakula, na nilikuwa nakula vizuri.

Unajua kwamba naishi kwa mume wa Riziki. Unajua pia mambo ya kwetu: mzee kuketi kila siku mbele ya mkwe wake, kwenye meza yake, kutafuna chakula chake. Nyumbani nisingethubutu. Hapa flati ina vyumba viwili na meza moja, utakwenda kulia wapi? Kwa hiyo nilikula, macho yangu yakiwa kwenye sahani. Jioni moja mwaka jana tonge la bugali lilinikwama kooni. Nilikohoa mpaka machozi yakanitoka, na tonge likaruka, likaangukia kwenye sahani ya mkwe wangu Deo. Watoto walicheka. Riziki akawakata jicho. Deo mwenyewe alisogeza tu sahani yake pembeni, taratibu, kwa heshima. Heshima ile iliniumiza kuliko kicheko cha watoto.

Kesho yake ilikuwa Jumatano. Riziki alipopakua nikasema, "Leo sili." Deo, ambaye ni shemasi wa kanisa letu, akaweka kijiko chini.

"Papa, umefunga?"

Nikanyamaza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na lilichukua muda mfupi kuliko kufungua mlango. Kabla sijapata la kusema, Riziki alikuwa ameshaondoa sahani yangu, na watoto wameambiwa wasipige kelele, Babu anaomba.

Mchana njaa ilinitoa nje. Lifti ya jengo letu imekufa tangu tuhamie, nikashuka ngazi nikishikilia ukuta, nikafuata uzio wa uwanja wa mbio za farasi, nikavuka kwenye robot, taa za barabarani, nikaingia mtaa mdogo wa nyuma. Hapo kuna mlango usio na kibao. Nje kulikuwa na mvuke na harufu ya mchele, ndani meza nne zenye vitambaa vya plastiki. Mwenyewe ni mama wa Kichina, mfupi, wa umri wako hivi, watu wanamwita Mama Mei. Kiingereza chake na changu vinalingana kwa umaskini, kwa hiyo tulielewana mara moja. Mimi ananiita Baba, kama Wazulu wanavyowaita wazee.

"Baba, meno iko?" aliniuliza, akigonga meno yake mwenyewe kwa ukucha.

"Machache."

"Basi kaa."

Aliniletea kitu ambacho jina lake sijaweza kulitamka hadi leo. Anamwaga uji mwepesi wa unga wa mchele kwenye sinia la bati, anausukuma ndani ya sanduku la mvuke, na baada ya muda wa kusema Baba Yetu mara mbili anautoa ukiwa umeganda kama kitambaa cheupe kilicholoa. Anaukwangua na kuukunja, pengine akitia kamba wadogo katikati, kisha anaumwagia mchuzi mweusi wa soya. Vumilia, mkunjo ule ulishuka wenyewe. Sikuwa na haja ya kutafuna, na koo halikuniuliza chochote. Baadaye akaniletea kikapu kidogo cha mianzi, ndani yake vifuko vya unga vyenye nyama, vya mvuke pia. Wao huviita dimsam. Sahani ni five rand, nami nilikuwa na vijisenti nilivyopata kwa kuwaandikia wenzetu barua zao za ofisini.

Huko si mahali pa watu wakubwa. Wanaokula pale ni wafanyakazi wa maduka ya Wachina, wanawake wa Kizulu wanaosafisha maofisi, na wazee wa Kihindi wanaokuja kubishana juu ya farasi. Mmoja wao hunichokoza kila nikiingia. "Uncle, wewe ulipoteza kwenye farasi gani? Mtu aliyeshinda hawezi kuwa na sura hiyo!" Hakuna pale anayenijua kuwa mwalimu, wala mkwe, wala mzee wa kanisa. Nikikohoa, nakohoa tu.

Nikarudi Ijumaa, na Jumatano iliyofuata. Siku nyingine nilikula bugali kidogo nyumbani, nikikata matonge madogo kama ya kuku, ila siku hizo mbili zikawa zangu. Wiki moja Mama Mei alifunga mlango, akaniambia kaka yake anauza mikunjo hiyo hiyo kule Jacobs, kwenye chumba nyuma ya kiwanda. Nikapanda taxi mpaka Jacobs, mzee wa fimbo, nikabanwa kati ya wafanyakazi wa zamu, moshi wa viwanda ukinikaribisha, ili nikale siku ambayo binti yangu alidhani niko chumbani nimepiga magoti. Nakuandikia hili usije ukasema nilipitiwa. Mtu hapitiwi mpaka Jacobs.

Nyumbani mambo yalikua bila mimi kuyagusa. Deo alinitangaza kanisani. Akina mama wa kanisani wanaosuka nywele saluni wakaanza kuja na mahitaji yao: mume asiyepiga simu, karatasi za ukimbizi, tumbo la mtoto. Wengine wakafunga pamoja nami, Riziki akiwa wa kwanza. Nilikuwa nikirudi kutoka kwa Mama Mei nimeshiba, nikimkuta binti yangu ameinamisha kichwa juu ya meza kwa njaa, naye ananiuliza mimi, "Papa, umechoka?"

Sasa nifike kwenye lile linalokuhusu wewe, nililolizungukia kurasa mbili.

Kuhusu kanisa nilinyamaza tu. Kwako wewe niliandika. Barua ya Pasaka, ile uliyoijibu ukisema umeibusu, niliiandika kwa mkono wangu: kwamba Jumatano na Ijumaa zote nafunga kwa ajili ya mwanao Bahati, hadi siku atakayorudi kutoka kule vita vilikompeleka. Hakuna aliyenilazimisha. Uliniandikia kwamba kila mtu amechoka kusikia jina lake, hata mchungaji, nami nilitaka uwe na mtu mmoja ambaye hajachoka. Jina la Bahati kweli sijalichoka. Lakini siku niliyoandika maneno yale ilikuwa Ijumaa, na mchuzi wa soya ulikuwa bado kwenye mkono wa shati langu.

Sikufikiri kwamba ungeanza kufunga na wewe. Ningepaswa kufikiri. Tangu ulipokuwa na miaka mitano hujawahi kuniacha nifanye kitu peke yangu.

Jumatatu, baada ya habari za Mama Zawadi, nilimwita Deo na kumwambia waziwazi, "Mwanangu, mimi sifungi. Jumatano nakula mjini."

Akatabasamu. "Papa, naelewa."

"Huelewi. Nakula. Kwa Mchina."

Jioni ile ile walikuja watu wa maombi, na Deo akawaambia mbele yangu, "Mnaona? Bwana alisema ukifunga usijionyeshe kwa watu, paka mafuta, nawa uso. Papa anajificha mpaka anasema anakula kwa Wachina!" Wakasema haleluya. Mama mmoja akalia. Nilipiga fimbo sakafuni nikasema, "Eish, jamani, nakula nyama!" Wakasema haleluya tena. Nimechoka, Vumilia. Nimekaa darasani miaka yote ile nikiwaambia watoto kwamba ukweli ukisemwa wazi unatosha, na sasa nimeusema wazi, nao wameupigia makofi na kuukataa.

Ndipo jana, Jumatano, nikamwambia Riziki, "Vaa viatu." Hakuuliza. Kwenye ngazi alinishika mkono. Tulipoingia, Mama Mei akafurahi, akasema, "Baba! Leo na mtoto!" na kuweka mbele yangu mikunjo mitatu bila kuulizwa. Riziki alitazama sahani, akamtazama yule mama, kisha mimi.

"Wanakujua hapa, Papa."

"Tangu mwaka jana."

"Kila Jumatano?"

"Na Ijumaa."

Sikutaka kubishana tena, nikaanza kula ili aone. Mkunjo wa kwanza ulipita. Wa pili ulipita kwa shida. Wa tatu ulirudi wote, kwenye kitambaa cha plastiki, mbele ya wale wazee wa farasi, na nyuma yake damu kidogo. Hapo ikanibidi nimwambie na lile jingine: hospitali walishanitazama, kuna uvimbe kwenye njia ya chakula, umekuwepo tangu siku ya lile tonge la bugali na pengine kabla yake. Daktari alisema haukatwi tena, kwa umri huu. Mwezi huu hata mikunjo inaanza kukataa.

Riziki hakulia. Alifuta meza kwa khanga yake, akasema kwa sauti ya chini, "Ulinidanganya kuhusu njaa, ukanidanganya kuhusu ugonjwa. Ningekupikia uji, Papa. Ni uji tu! Mwaka mzima nimepika bugali kwenye nyumba yenye mgonjwa, halafu watu wananipongeza!"

"Sikutaka mkwe anione nikilishwa uji."

"Mkwe, mkwe! Mkwe ndiye atakayekubeba!"

Nikachukua fimbo yangu, tukatoka. Njiani alinitaka nisirudie kumwambia Deo mbele ya watu. Atalizungumza yeye, kwa wakati wake. Tangu jana ananipa uji kwa kikombe na hanisemeshi. Ana haki.

Kwa hiyo, mdogo wangu, sasa ninaposema sili ni kweli, na hakuna utakatifu wowote ndani yake. Siombi unihurumie. Nilikula nilipoweza, nikadanganya kwa sababu ya aibu, na aibu yangu imekuangusha wewe sokoni. Mambo mengi nitazikwa nayo, ila hili siwezi kwenda nalo.

Najua utakavyowaza. Utawaza kwamba ukila, unamwacha Bahati. Usiwaze hivyo. Hukuwa unaishikilia kamba pamoja nami. Upande wangu haukuwa na mtu. Kama Bahati hajarudi, si kwa sababu ulifunga kidogo, na kama atarudi kesho, haitakuwa kwa sababu ulianguka mbele ya wauza dagaa. Nataka akirudi amkute mama aliye hai na mwenye nguvu za kumfokea. Hilo ndilo ninaloomba siku hizi, kitandani, bila kufunga chochote.

Nisalimie mumeo, shemeji yangu, umwambie goti lake lisimzuie kukukalisha chini ule. Msalimie mke wa marehemu kaka yetu, aliyenifungia mihogo siku ninaondoka, na mtoto wake mwalimu, ambaye namwachia kamusi yangu. Mchungaji msalimie pia. Kama utapenda msomee barua hii. Sina tena jina la kulilinda.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, nikasirikie, lakini nikasirikie ukiwa umeshiba.

Utakuwa umejiuliza kwa nini Mama Zawadi, aliyeibeba barua hii, aliingia kwako na samaki na ndizi, akaketi, akakataa kufungua mkoba wake mpaka umalize. Usimgombeze. Mimi ndiye niliyemwapisha. Nilimwambia aje Jumatano, na barua isitoke mkononi mwake mpaka aione sahani tupu. Basi kama macho yako yamefika hapa, umekwisha kula. Ijumaa ule tena.

Kaka yako,
Anselme