Karata za Mama Luka

Dada Salome, kamwene.

Niko Njombe, baridi imenikaza vidole. Mama ameingizwa chumba cha upasuaji tangu asubuhi. Mama Luka wa Makambako, ambaye mumewe alitangulia kuingia, aliniona natetemeka akanifundisha karata za kucheza peke yako: nyekundu juu ya nyeusi, namba zikishuka, nafasi tupu ni ya mfalme.

“Usikimbilie zilizo mkononi. Funua kwanza zilizolala kifudifudi.”

Nikamuuliza kama haogopi.

“Naogopa sana, mwanangu. Ndiyo maana nacheza.”

Nesi akamwita. Sikuthubutu kumtazama. Alirudi akilia huku anacheka: mzee ameamka.

Mama bado hajatoka. Mama Luka amekataa kuniacha, anasubiri nicheze.

Tuombee, dada. Nawapenda nyote.

Mdogo wako, Rehema