Kijiti cha Namba Kumi na Nne

Wanida, uko wapi?

Leo kwenye mafunzo ya utafiti wa figo tulipima mikojo yetu wenyewe, iwe mfano wa watu wenye afya.

Kijiti kimoja cha kupimia protini kikageuka kijani. Dokta Somsri akakiinua: “Namba kumi na nne! Huyu figo zake zinavuja!”

Watu wakacheka. “Kafakamia mtungi mzima wa pla ra, samaki wa kuvundikwa, chumvi yote ile!” Nikacheka kuliko wote. KULIKO WOTE, Wanida.

Kisha nikatazama chupa yangu. Kumi na nne.

Nikajifungia chooni na kipimo cha presha. 170 kwa 110. Nikarudia. Ileile.

Mama alianza hivihivi, leo anaishi kwa mashine ya kusafisha damu.

Nimewaambia chupa ilichafuka. Kesho wanataka mkojo mwingine.

Shoga, nipe wako.