Mzee Januari Mageni na Kopo la Mzigo, Ushirombo

Mwaka mmoja umetimia leo, Baba, tangu ulipotuaga tarehe 14 Oktoba 1956, ukiwa kitandani kwako Ushirombo, na ufunguo wa duka umefungwa kwenye pindo la shuka. Mama alilifungua fundo lile mwenyewe. Lilikuwa gumu.

Uligawa dawa katika zahanati ya misheni kwa miaka kumi na tisa kabla ya kufungua duka lako dogo la dawa karibu na soko. Watu walikupenda kwa sababu hukuwa na haraka ya kuuza. Kwanza ulimwuliza mtu amekula nini, amelala wapi, mtoto amekojoa mara ngapi. Mchimba dhahabu mmoja aliyekuwa akielekea Geita alitaka kwinini ya mwezi mzima. Ulimpa ya siku saba, ukamwambia, "Ukipona, usirudi. Usipopona, rudi kwangu kabla hujanywa dawa ya rafiki yako."

Lakini sisi tunakumbuka zaidi juma lile la Novemba 1953, duka lilipokaribia kufa.

Wafugaji wengi hawakuwa na fedha mpaka pamba iuzwe, kwa hiyo walilipia dawa kwa mtamba au dume. Ulipokea. Kisha, kwa desturi yetu ya kubilisa, uliwapeleka ng'ombe wale kwa marafiki wakakufugia: wao wanywe maziwa, ng'ombe wabaki wako. Kila ulipopata habari kwamba mmoja amezaa, ulitabasamu ukasema duka linakua. Hakuna aliyekuonya. Hapa kwetu, nani angethubutu kumwambia mwenye ng'ombe kumi na mmoja kwamba ameishiwa?

Ndipo Jumapili moja ikaja barua. Tajiri wa dawa za jumla mjini Shinyanga alisema hatatoa tena mali kwa ahadi. Shilingi mia tatu na sitini zimfikie kwa lori la Jumamosi, la sivyo sanduku lako la kwinini atampa mwingine. Mawingu yalikwisha kukusanyika, na mvua ikianza, homa haichelewi. Kwenye rafu kulikuwa na chumvi ya haluli, mafuta ya nyonyo na chupa mbili za iodini. Kwinini ilibaki vidonge ishirini na sita.

Mama alisimama mlangoni na ungo wake.

"Baba Philomena, ng'ombe wako ni wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Basi mgonjwa akija nimpe kwato atafune?"

Ulirudi kwenye rafu. Binti yako Philomena, aliyekuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, alikuona ukizipanga chupa zile zile mara tatu.

Jumatatu ulipanda baiskeli hadi kwa rafiki yako Makoye, aliyekufugia karibu kuliko wengine wote, njia ya Bugarama. Yaliyotokea huko ulitusimulia mwenyewe, bila kujipamba. Mliamkiana vizuri, mwangaluka kwa mwangaluka. Kisha Makoye akaiona kamba begani mwako.

"Unakuja na kamba bila kutuma neno? Nimekuibia nini? Kuna ndama aliyepotea hapa?"

"Hujaniibia. Ni mimi niliyeligeuza duka kuwa zizi."

"Watu watasema Makoye kanyang'anywa ng'ombe kama mwizi."

"Waambie nimeishiwa. Ndiyo kweli."

Alicheka kwa hasira. "Mwenye duka kaishiwa! Na watoto wangu asubuhi wanywe nini, maneno yako?"

Nyamizi, mkewe, alitoka nje. Alikuwa na mtoto mgongoni, akasimama kando ya jike mwenye ndama na kuweka mkono juu ya nundu yake. Ulimtazama, ukaitazama kamba. Ulifungua madume watatu tu. Jike ukamwacha. Makoye hakukusindikiza.

Ijumaa madume waliuzwa mnadani kwa shilingi mia tatu na tano. Zilipungua hamsini na tano. Ulirudi nyumbani kwa miguu, na hatukuhitaji kuuliza baiskeli iko wapi. Lori liliondoka na fedha zote. Siku nne ulikaa nyuma ya meza, mlango wazi, ukihesabu vidonge vilivyobaki. Mvua ilifika Jumanne. Jumatano lori lilipoingia likiwa na sanduku chini ya turubai, barazani palikuwa na akina mama sita na watoto wenye homa, na kwenye chupa vidonge viwili.

Baada ya hapo ulipokea fedha, au nafaka iliyoweza kuuzwa soko la juma lile. Kwato, hapana. Philomena alikuandikia makopo mawili ya maziwa: moja NYUMBA, jingine MZIGO, la fedha za kununulia dawa. Asiyekuwa na kitu hukumfukuza. Ulitoa bei ya dawa yake kwenye kopo la nyumba, ukaitia kwenye kopo la mzigo, kama mnunuzi mwingine yeyote. Sisi tulijua umekuwa na wagonjwa maskini tulipoona mboga haina mafuta. Mama alinung'unika, kisha akaipakua.

Hata ulipougua, Mama alipotaka kuchukua nauli ya hospitali kwenye kopo la mzigo, ulimshika mkono. "Uza mahindi, Generosa. Hizo ni dawa za watu." Aliyauza, huku akilia. Mpaka leo hajui kama alifanya vyema kukusikiliza. Tunaandika hivyo kwa sababu wewe hukupenda tufiche.

Siku ya tatu ya matanga alifika Makoye, amelowa, mkononi ana kitambaa kilichofungwa. Mama alimkaribisha chai.

"Chai baadaye, Mama Philomena. Hesabu kwanza. Ni yule jike aliyeniachia mzee. Nimemwuza mnadani mimi mwenyewe, maana mzee hakutaka kwato dukani."

Zilikuwa shilingi mia moja na kumi. Mama alisimama na fedha zile mbele ya makopo mawili. Lile la nyumba halikuwa na hata senti. Akazitia zote kwenye lile jingine.

Mvua za mwaka huu zimeanza, Baba. Kwinini ipo.

Unakumbukwa na mkeo Generosa. Wanao Philomena na Onesmo. Dada yako Scolastika. Rafiki yako Makoye na Nyamizi. Na wote waliowahi kukaa kwenye baraza lile. Kila tunapolifungua duka asubuhi tunakukumbuka, na ndivyo itakavyokuwa daima.