Vidonge Tisa vya Damu

Jumatatu, 3 Machi
Mimba mwezi wa tano. Kidonge cha kuongeza damu nimemeza saa nne, na maji. Chai ilikuwa mapema. Nesi wa kliniki alisema visikutane. Choo cheusi. Sijashtuka, niliambiwa. Gesti yetu hapa Makambako ina wageni sita, wote madereva wa malori ya mbao. Shuka hazikauki kwa ukungu huu. Mama mkwe amefika kutoka Ipelele na gunia la viazi.

Jumatano, 5 Machi
Jana nilisahau kidonge. Mama mkwe anataka leo nimeze viwili, kufidia. Nimekataa. Kimoja kwa siku, basi. Amenuna. Anune.

Ijumaa, 7 Machi
Binti yangu Upendo amekula vidonge vyangu. Ana miaka miwili. Nilikuwa naanika shuka, mkoba niliuacha kitandani, wazi. Vyekundu, vinang'aa. Kwake ni pipi. Nimekuta midomo imegeuka rangi. Nikahesabu: vinakosekana tisa.

Mama mkwe alishakunja kidole amtapishe.

"Mama, usimtapishe. Tunaenda hospitali."

Nikabeba mtoto na pakiti yenyewe. Bajaji. Sikulia. Njiani alitapika, kisha akaanza kuchezea hereni zangu. Baba yake akapiga simu kutoka Mbeya: "Si ameshavitapika? Mrudishe nyumbani."

Hospitalini daktari alikataa turudi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye vidonge hivi hudanganya, alisema. Mtoto anaweza kuchangamka, halafu akazidiwa. Nilimwamini daktari, si simu. Gari la wagonjwa likatuleta Njombe. Naandika nikiwa wodini.

Jumamosi, 8 Machi
Asubuhi alitapika tena, akalegea. Nilimwita, hakugeuka. Hapo niliogopa. Niliogopa sana.

Dripu. Wanampima damu kila mara. Kosa ni langu. Sizungushi maneno.

Saa tisa alasiri alifungua macho, akaomba uji.

Jumatatu, 10 Machi
Vipimo vizuri. Kesho tutaruhusiwa, wakiridhika. Mama mkwe amekuja na basi la asubuhi. Alimshika Upendo miguu yote miwili, akaikagua kama anayenunua kuku. Kisha akanigeukia.

"Mama Upendo, hiyo sumu kaitupe."

"Kwangu ni dawa, Mama. Damu yangu ni ndogo. Nilikosea mahali pa kuviweka."

Akarudishia blanketi miguuni pa Upendo.

"Basi kabatini, rafu ya juu, na kufuli. Nitalinunua mwenyewe."

Jumanne, 11 Machi
Tumeruhusiwa. Upendo amelala hadi Makambako. Wakitaka kumwona tena wiki ijayo, nitampeleka. Kufuli limeshafungwa. Nameza kimoja kwa siku kama kawaida, siachi.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua tangu asubuhi. Mama mkwe amerudi kwake Ipelele. Mchana nimejilaza, Upendo kichwa tumboni kwangu, usingizi mzito. Mdogo wake akapiga teke, la kwanza kabisa, papo hapo chini ya sikio lake. Upendo hakuamka. Sikusogea.