Nilivyowafupisha Vyura wa Mbuya

Alhamisi. Mvua tangu alfajiri hapa Mengo. Sijala. Nimekunywa chai tu.

Jumatatu natetea tasnifu yangu ya udaktari, na leo nimegundua kwamba ni uongo.

Miaka yote hii nimeshikilia jambo moja: vyura wa kinamasi kilicho chini ya kilima cha Mbuya wamekuwa wadogo kuliko wale ambao Profesa, msimamizi wangu, aliwapima palepale ujanani mwake, ila majike bado wana mayai mengi vilevile. Kwa kawaida jike mdogo hubeba mayai machache. Tumbo lina mipaka yake. Nikajenga hadithi tamu ya mageuko: mjini maisha ni mafupi, kwa hiyo kizazi baada ya kizazi wanaozaa mapema, wangali wadogo, ndio wanaoacha watoto. Mama ameshatangaza kanisani kwetu Kakamega kwamba mwanawe anakuwa daktari.

Asubuhi nilitoa jike mmoja kwenye chupa ya spiriti, yule wa kwanza kabisa, wa siku nilizokuwa bado na bidii. Kwenye lebo niliandika urefu wake akiwa hai. Nikampima. Amefupika. Nikampima tena. Vilevile.

Spiriti hunyonya maji mwilini. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Profesa alipima vyura hai. Mimi, kwa uvivu, niliwajaza wengine wote chupani nikawapima miezi baadaye. Mayai hayakupungua kwa sababu mama zao hawakupungua.

Ni mimi niliyewapunguza.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikapanda boda kwenda kinamasini, nipime hata kumi walio hai. Nikakuta kifusi kimesawazishwa, uzio wa mabati, na mlinzi mmoja getini. Nikamwambia natafuta vyura.

"Nyabo, mama, chula ilikwisha hapa," akaniambia kwa upole. "Tajiri anajenga."

Nililia mbele yake bila aibu.

Sasa nimekaa na wazo baya, na acha niliandike: nikinyamaza, hakuna atakayejua. Hakuna anayeweza kurudi kule kupima. Nitaitwa daktari, na wale vyura, ambao hawapo tena, watabaki wadogo vitabuni milele kwa sababu yangu.

Hilo la mwisho ndilo lililonishinda.

Nimempigia Profesa, nikamwomba nimwone kesho saa tatu. Amefurahi sana. Anadhani nakwenda kumshukuru.