Risaga ya Kukaa na Bibi Yako

Bhoke, mjukuu na mke wangu mdogo,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Kenyamonta ng'ombe wamenona, mimi nimekonda, na bibi yako bado ananigombeza.

Unauliza kama umerogwa, kwa kuwa unamwangalia mwanao na huhisi kitu moyoni. Bibi yako alipomzaa baba yako, alikaa kitandani akitazama ukuta, hasemi. Mtoto naye halii. Nilibweka kama mbwa ili mtoto acheke. Akanitazama kama moshi unaopita. Macho yake yalirudi ukutani, palepale alipotazama mama yake. Nikageuza kitanda. Wote wawili, polepole, wakageuza shingo wakaparudia.

Nilitoka mbio mchana kweupe hadi kwa jirani yetu Robi.

“Dume zima linakimbia mtoto wa miezi minne,” akasema. “Hajarogwa mtu. Uzazi umemwacha mkeo na huzuni.”

Akaita wanawake wa risaga, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu. Safari hii walikuja bila majembe. Kila siku mmoja alikaa na bibi yako, akamwogesha, akapiga soga na mtoto kama na mtu mzima. Majuma yakapita. Siku moja mtoto aliuacha ukuta, akamtazama mama yake, akalia. Bibi yako akalia naye, kisha akamnyonyesha.

Nenda kliniki ukamwambie nesi hayo uliyoniandikia. Barua hii nampa kondakta wa basi leo. Jumamosi bibi yako na wenzake wawili wa risaga wanapanda basi hilohilo. Usipike wala usifagie. Wafungulie mlango tu.

Babu yako,
Mwita