Kuku wa Wangari

Nyambura mdogo wangu,

Hivi miguu yako ni ya mapambo? Tangu Wangari wangu ahamie Shauri Moyo hujakanyaga mlangoni pake, na unajiita mama yake mdogo!

Unajua anachora picha za vitabu vya watoto. Nilimletea kuku, maana amekonda. Jana Wangari alipokwenda sokoni nikamchinja huyo kuku, nikamtia sufuriani. Kumbe alikuwa akimchora! Kichwa na mabawa tayari, miguu bado, na picha inatakiwa ofisini kwa wachapishaji leo. Akalia, "Mama, umenichemshia kazi!" Tuliopoa miguu, lakini ilikuwa imelegea kama ugali wa mgonjwa.

Nikamwambia nyamaza, shika kalamu. Nikapanda juu ya meza, nikakunja sketi, nikasimama kwa mguu mmoja na kupapatika kama ninayefukuzwa na mwewe. Mama Akinyi wa mlango wa pili akaingia kuomba chumvi.

"Shosho! Bibi yangu, unafanya nini huko juu?"

"Nataga. Funga mlango, baridi inaingia."

Leo picha imekubaliwa. Wamesema hawajawahi kuona kuku aliyesimama imara hivyo. Wangari, anayekuandikia haya akicheka, amekuchorea mwenzake huyo kuku upande wa pili wa barua hii. Magoti utayatambua.

Mungu akutunze, wewe na huo mgongo wako unaouma. Ukija, leta kuku wawili, na yule wa kuchorwa mfunge utepe mwekundu, maana mimi nikimwona kuku, mkono unatafuta kisu wenyewe.

Dada yako